Ufa wa Kifuani na Watoto Wasiohesabiwa

Ndugu msikilizaji, tangu tulipoagana wiki iliyopita huenda amezaliwa mtoto mmoja, mahali fulani katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambaye hakuna aliyejua anaumwa nini. Alitimiza miezi yake, uzito wake ulikuwa wa kutosha, na mama yake hakuwa na tatizo lolote katika ujauzito. Alipotoka alilia kidogo, kisha akaanza kuvuta pumzi kwa taabu na midomo ikageuka rangi. Mkunga akafanya yote aliyofundishwa. Kabla saa mbili hazijapita, mtoto akafariki. Katika daftari la leba yakaandikwa maneno machache: alishindwa kupumua.

Simzungumzii mtoto wa familia fulani. Nafanya hesabu tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,977,608 katika Mkoa wa Geita na watu 2,241,299 katika Mkoa wa Shinyanga. Tukikadiria vizazi 35 kwa kila watu 1,000, kadirio ambalo kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa si la kutia chumvi, tunapata watoto zaidi ya 180,000 kwa mwaka. Kasoro ninayotaka kuizungumzia leo humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 3,000 wanaozaliwa duniani. Ukigawanya utapata watoto kama 60 kwa mwaka katika mikoa hiyo miwili. Hao ni zaidi ya mmoja kwa wiki. Kila ninapoketi mbele ya kipaza sauti hiki, mmoja ameshakuja.

Kasoro yenyewe huitwa ngiri ya kiwambo ya kuzaliwa nayo. Wengi wetu tukisikia ngiri tunafikiria uvimbe wa kinena unaowapata watu wazima wanaobeba mizigo mizito. Hii ni ngiri ya aina nyingine. Kati ya kifua na tumbo upo msuli mpana na mwembamba, unaoitwa kiwambo. Huo ndio dari ya tumbo na sakafu ya kifua, na ndio unaofanya kazi kubwa tunapovuta pumzi. Msuli huu huumbika na kujifunga katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Kwa watoto wachache haujifungi wote, unabaki na tundu. Mara 8 au zaidi katika kila mara 10 tundu hilo huwa upande wa kushoto. Matumbo hupanda na kupita hapo, pengine pamoja na tumbo la chakula na bandama, yakaenda kukaa kifuani. Moyo husukumwa upande wa kulia. Mapafu hukosa nafasi ya kukua.

Akiwa tumboni mwa mama, mtoto huyu hana shida. Hewa yake inatoka kwa mama kupitia kitovu. Taabu huanza kitovu kinapokatwa, maana hapo ndipo anapotakiwa kutumia mapafu ambayo hayakupata kukua.

Leo basi, ndugu msikilizaji, napenda tuitazame historia ya ugonjwa huu na tiba yake. Ni historia ya madaktari werevu waliotafuta jibu mahali pasipo kwa miaka mingi, na kosa lao lina somo kwetu sisi tusio na mitambo ya gharama kubwa.

Wazungu waliitambua kasoro hii zamani kidogo. Mnamo miaka ya 1750 daktari George Macaulay wa London aliandika habari za mtoto mchanga aliyekufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, na maiti ilipofunguliwa matumbo yakakutwa kifuani. Mwaka 1848 mtaalamu wa maumbile ya mwili huko Prague, Vincent Bochdalek, alieleza tundu la upande wa nyuma wa kiwambo, na mpaka leo tundu hilo lina jina lake. Lakini kueleza si kutibu. Kwa miaka mingi maarifa haya yalitoka kwa maiti na yakaishia kwa maiti.

Mwaka 1902, wakati Shinyanga na Geita zikiwa ndani ya koloni la Wajerumani, daktari mmoja huko kwao Ujerumani, Lothar Heidenhain, alimpasua mvulana mwenye ngiri hii na kumponya. Ilikuwa habari njema. Lakini mvulana huyo alikuwa na umri wa miaka 9. Mtoto anayeweza kuishi miaka 9 na tundu katika kiwambo ni yule ambaye mapafu yake yalikua vya kutosha tangu tumboni. Wale wenzake ambao mapafu yao hayakukua walikuwa wamekwisha kuzikwa miaka 9 nyuma. Naomba jambo hili tulikumbuke, maana litarudi tena na tena katika habari hii: tunampokea aliyefika, na kwa huyo tunajipima.

Tuje mwaka 1940. Huo ndio mwaka ambao John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui, na jina la Shinyanga likaanza kutajwa katika masoko ya vito ya dunia. Wakati huo Geita nayo ilikuwa na mgodi wa dhahabu, ulioanza miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Mwaka huohuo wa 1940, kule Boston nchini Marekani, William Ladd na Robert Gross walichapisha makala ya kuwahimiza madaktari wenzao wasikae wakisubiri mtoto mwenye ngiri ya kiwambo akue. Apasuliwe mapema, walisema, matumbo yashushwe, tundu lishonwe. Mwaka 1946 Gross akatoa taarifa ya kumpasua mtoto ambaye hajatimiza hata siku moja, na mtoto akapona. Mwaka uliofuata, 1947, Mwadui ikatoa almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimpa zawadi Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Nayataja haya pamoja ili tuone kwamba wakati maarifa ya kuwaponya watoto hawa yakizaliwa, ardhi yetu ilikuwa tayari imefunguliwa na mali yake inatoka. Maarifa hayo hayakuja kwa kasi ambayo almasi ilitoka nayo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa miaka 40 hivi baada ya Gross, madaktari wa nchi tajiri waliishi kwa methali hiyo. Mtoto akizaliwa na ufa katika kiwambo alikimbizwa chumba cha upasuaji usiku uleule, ufa ukazibwa. Ushonaji ulikuwa mzuri, na bado watoto wengi walikufa. Walikufa saa chache baada ya upasuaji, huku tundu limezibwa barabara na matumbo yamerudi mahali pake.

Kwa nini? Jibu lilikuja polepole. Mwaka 1963 watafiti wawili huko London, Areechon na Lynne Reid, walichunguza mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu wakakuta yamedumaa. Hayakuwa mapafu mazima yaliyobanwa, ambayo ukiyaondolea mzigo yanafunguka kama mwavuli. Yalikuwa mapafu madogo, yenye vifuko vichache vya hewa na mishipa ya damu iliyo migumu. Ufa ulikuwa umefanya madhara yake miezi mingi kabla mtoto hajazaliwa. Hapa methali yetu nzuri haikutosha: kuziba ufa ilikuwa lazima, lakini nyumba ilikuwa na msingi dhaifu uliohitaji kuegemezwa kwanza.

Hata hivyo mazoea ni kama sheria. Haikuwa mpaka miaka ya 1980 ambapo jambo hili lilianza kufuatwa vitandani mwa wagonjwa. Mwaka 1985 Dk. Jen-Tien Wung na wenzake wa New York walitoa taarifa ya watoto wachanga 15 waliokuwa na shinikizo kubwa la damu katika mapafu, tatizo ambalo ndilo huwaua watoto wengi wenye ngiri ya kiwambo. Wenzao wakati huo waliwalazimisha watoto wa namna hiyo kupumua kwa mashine iliyosukuma hewa kwa nguvu na kwa kasi. Wung alifanya kinyume. Aliwapa hewa kwa upole, akakubali vipimo vya damu visivyo kamili, akayahurumia mapafu. Wote 15 wakaishi. Mwaka 1987 madaktari wa Toronto, Kanada, walipima mapafu ya watoto wenye ngiri ya kiwambo kabla na baada ya upasuaji, wakaona kwamba kwa wengi wao mapafu yalizidi kuwa magumu baada ya kupasuliwa. Upasuaji wa haraka, uliodhaniwa ndio wokovu, ulikuwa ukimwongezea mtoto mzigo katika saa asizoweza kuubeba.

Tangu hapo utaratibu ukageuka. Siku hizi katika hospitali kubwa mtoto hutulizwa kwanza kwa siku kadhaa, kupumua kwake kukitengemaa ndipo hupelekwa kushonwa. Katika nchi tajiri, wanaofika vituo vyenye uzoefu hupona takriban 7 kati ya 10, na pengine zaidi.

Mitambo nayo ilisaidia. Mwaka 1975 Dk. Robert Bartlett huko California alimwokoa mtoto mchanga mwenye mapafu yaliyoshindwa kwa kutumia mashine inayoitia damu hewa nje ya mwili. Mtoto huyo hakuwa na ngiri, lakini baadaye mashine hiyo ikatumika kwa wenye ngiri pia. Wauguzi walimpa jina la Kihispania lenye maana ya Tumaini. Mwaka 1990 Dk. Michael Harrison wa San Francisco alitoa taarifa ya kumtengeneza mtoto kiwambo akiwa bado tumboni mwa mama yake. Na mwaka 2021, Dk. Jan Deprest wa Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzake wa nchi mbalimbali walionyesha kwamba kwa watoto walio katika hali mbaya kabisa, kuziba koo la hewa kwa kiputo kidogo wakati wa ujauzito, ili mapafu yavimbe na kukua, kulipandisha idadi ya waliotoka hospitali wakiwa hai kutoka asilimia 15 hadi asilimia 40. Ni kazi ya ajabu. Lakini tazameni: hata kwa utaalamu wa hali ya juu namna hiyo, katika kundi hilo la wagonjwa mahututi, zaidi ya nusu walifariki.

Sasa turudi nyuma kidogo, mwaka 1978, maana hapo pana jambo ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote. Huyuhuyu Harrison, akishirikiana na madaktari wa Norway, alijiuliza swali jepesi. Hospitali kubwa zilikuwa zikitangaza idadi ya waliopona. Je, ilikuwa idadi kati ya nani na nani? Wakafuatilia watoto wote wenye ngiri hii, pamoja na wale waliozaliwa wamekufa na wale waliofariki kabla ya kumfikia daktari wa upasuaji. Wakakuta kwamba vifo vilikuwa vingi kuliko takwimu za hospitali zilivyoonyesha. Wakaviita vifo vilivyojificha. Watoto waliokuwa katika hali mbaya zaidi walikuwa wakifa njiani au huko huko walikozaliwa. Hospitali iliyokuwa mbali na yenye barabara mbovu iliweza kuonekana hodari, kwa sababu ilipokea wenye nguvu tu.

Hiyo ilikuwa Norway, nchi yenye barabara, magari na madaktari. Sasa tuitazame safari ya mtoto wa kwetu.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, na ndiyo imekuwa kimbilio la rufaa kwa Kanda ya Ziwa nzima. Shinyanga iko mbali nayo kwa kilomita kama 160. Geita ni karibu zaidi ukiitazama ramani, lakini kwa miaka mingi katikati palikuwa na maji. Gari la wagonjwa lilifika Busisi, likangoja kivuko, likavuka, ndipo likaendelea. Kwa mzazi aliyebeba mtoto wa saa tatu anayehema, kungoja kivuko si kungoja kwa kawaida. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya ghuba ya Mwanza. Tumelisifu kwa ajili ya biashara, na ni haki yake. Lakini wapo abiria wasiojua kusema ambao daraja hilo lina maana kubwa zaidi kwao.

Kadhalika ipo huduma ya m-mama, iliyojaribiwa kwanza katika Kanda hiihii, wilayani Sengerema na mkoani Shinyanga, kabla Serikali haijaamua mwaka 2022 kuieneza nchi nzima. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa halipo, huitwa dereva wa kawaida wa jirani aliyekwisha kusajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Huduma hiyo ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ndani ya Mkoa wa Geita kwenyewe, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato ilianza kazi mwaka 2021.

Haya yote ni hatua. Lakini tusijidanganye. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, 67 hawakufikisha miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha idadi hiyo imeshuka hadi 43. Hayo ni maendeleo makubwa. Sasa tazama waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja: walikuwa 25, wakawa 24. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria vimemwokoa mtoto wa mwaka mmoja na wa miaka miwili. Mtoto wa siku moja amebaki karibu palepale alipokuwa.

Siyo kwamba haiwezekani. Taarifa iliyotolewa mwaka 2013 juu ya hospitali 8 za Tanzania ilionyesha kwamba wakunga walipofundishwa kumsaidia mtoto kupumua katika dakika ya kwanza, kwa kumkausha, kumsugua na kumpulizia hewa kwa mfuko na kibarakoa, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Na mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya mpango wa uzazi salama ulioendeshwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Mwanza, Shinyanga na Geita. Kwa ujumla, vifo vya watoto vya wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Walimu wake wakubwa walikuwa wakunga wenyewe, waliojizoeza kila mara mahali pao pa kazi.

Hapa naomba niseme neno kwa uangalifu, nisije nikaeleweka vibaya. Mfuko wa kupulizia hewa unaokoa maisha, na mkunga asiogope kuutumia kwa mtoto asiyepumua. Lakini mtoto mwenye ngiri ya kiwambo ni tofauti na wenzake. Hewa inayopulizwa mdomoni na puani kwa kibarakoa huingia pia tumboni, na matumbo yake yako kifuani. Kadiri yanavyojaa hewa ndivyo yanavyozidi kubana mapafu na moyo. Ndiyo maana ni lazima atambuliwe. Dalili zake hazihitaji mtambo: mtoto anahema kwa shida na habadiliki rangi licha ya kusaidiwa, kifua kimejaa kama pipa huku tumbo limebonyea, mapigo ya moyo yanasikika zaidi upande wa kulia, upande wa kushoto sauti ya pumzi ni hafifu. Ukiona hayo, fikiria ngiri ya kiwambo. Mpitishie mrija puani hadi tumboni, uvute hewa yote na uuache wazi. Mpe oksijeni. Mwinue kichwa na kifua, mlaze kwa upande wenye ugonjwa. Mhifadhi joto. Akihitaji kupuliziwa hewa, wataalamu hupitisha mpira moja kwa moja kwenye koo la hewa badala ya kibarakoa. Kisha piga simu, na huko aendako wajulishwe nani anakuja. Picha ya eksirei itathibitisha, na kwa kuwa hakuna tena anayedai apasuliwe usiku uleule, kuna muda wa kujiandaa.

Mnaliona somo la historia hapo, ndugu wasikilizaji? Kwa miaka 40 waliamini kwamba tiba ni kisu, na kisu kiko mjini. Wakaja kugundua kwamba nusu ya tiba ni upole wa saa za kwanza: mrija wa plastiki, hewa kwa kiasi, joto na mkono usio na papara. Vitu hivyo vinaweza kufika Nyang'hwale na Mbogwe, vinaweza kufika Kishapu na Ushetu. Havimwokoi kila mtoto. Yule ambaye mapafu yake yamedumaa mno hataishi, hata angezaliwa Boston. Lakini kati ya huyo na yule wa Heidenhain aliyeishi miaka 9 bila tiba, wapo wengi wa katikati, na hao ndio wanaokufa kwa kukosa kutambuliwa.

Mwaka 2021 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 264 za nchi 74 kuhusu kasoro 7 za kuzaliwa nazo, ngiri ya kiwambo ikiwa mojawapo. Katika nchi tajiri walifariki asilimia 5.6 ya watoto hao. Katika nchi za kipato cha kati asilimia 20.4. Katika nchi maskini asilimia 39.8. Tofauti hiyo inatisha, na hapo wamehesabiwa waliofika hospitali tu. Wale wa njiani, wale wa zahanati, wale waliozaliwa nyumbani, hawamo.

Kwa hiyo natoa tahadhari moja kwa wakubwa wetu wa afya na kwetu waandishi wa habari. Daraja likifanya kazi yake na simu ya 115 ikifanya kazi yake, watoto mahututi wengi zaidi watafika Bugando na Chato. Wengine watafia huko. Takwimu za vifo katika wodi za watoto wachanga huenda zikapanda badala ya kushuka. Siku hiyo tusikimbilie kuwalaumu madaktari na wauguzi. Huenda itakuwa dalili kwamba vifo vilivyojificha vimeanza kujitokeza hadharani, na kifo kinachoonekana ndicho kinachoweza kuzuiwa kesho.

Kuna sababu nyingine ya kutaka kifo cha mtoto kipewe jina lake. Mkoa wa Shinyanga unaijua vizuri gharama ya vifo visivyo na maelezo. Wengi tunakumbuka mauaji ya vikongwe, bibi zetu waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mtu fulani kijijini alifiwa. Kifo kisicho na maelezo hutafutiwa mwenyewe, na aghalabu mwenyewe huyo huwa mwanamke. Kama si bikizee wa jirani, ni mama mzazi, anayeambiwa alikula kitu kibaya au alibeba ndoo nzito. Basi isemwe wazi: kwa watoto wengi chanzo cha ngiri ya kiwambo hakijulikani, na hakuna ndoo ya maji iliyowahi kutoboa kiwambo cha mtoto aliye tumboni. Mama hana kosa, na jirani hana kosa.

Wasukuma ni watu wanaompa mtoto heshima ya jina kwa namna alivyokuja duniani. Mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Kila ujio una jina lake. Mtoto wa habari yetu ya leo naye amekuja kwa namna yake, na anastahili jina katika daftari: aliyezaliwa na ngiri ya kiwambo, akatambuliwa saa fulani, akapelekwa mahali fulani, akapona au hakupona. Mstari mmoja tu wa maandishi, lakini bila huo hapana mafunzo, hapana mrija utakaoagizwa, hapana daktari wa upasuaji wa watoto atakayesomeshwa kwa ajili yake.

Katika ukanda huu dhahabu hupimwa kwa mizani inayohisi sehemu ndogo ya gramu, na kila gramu huandikwa. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Fedha hizo zimejenga majengo mengi, nasi tunashukuru. Lakini jengo bila daftari na bila mrija ni kuta. Madiwani wa Geita, Kahama na Msalala watakapoketi tena juu ya mipango hiyo, na waulize: mwaka jana wilayani kwetu walikufa watoto wangapi wa siku moja, na kila mmoja wao alikufa kwa nini?

Wahenga hawakukosea waliposema asiyekuwepo na lake halipo. Watoto hawa hawana wa kuwasemea kikaoni. Hawakukaa duniani muda wa kutosha hata kujulikana na majirani. Tuwaandike, ili lao liwepo.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni siha njema.